Mikwaju Miwili ya Chiriku

Mimi nakata mashimo. Watu wakisikia hivyo hudhani nachimba vyoo, na wengine hunipa pole. Sichimbi vyoo. Nakata shimo dogo la upana wa kiganja katikati ya nyasi zilizonyolewa mpaka zikalala kama zulia, natia kikombe cha bati ndani yake, nasimamisha bendera, na watu wanatoka mbali kuja kutumbukiza mpira humo. Ndiyo gofu hiyo. Mashimo ni kumi na nane, na kila alfajiri yanahamishwa ili nyasi zipumzike na wachezaji wasizoee. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kuacha shimo limepinda.

Mwaka ninaousimulia, klabu yetu ilipewa kuandaa mashindano ya kimataifa ya gofu ya ridhaa kwa vijana. Watoto wa nchi kumi na moja, siku nne, na hakuna aliyezidi miaka kumi na sita. Msimamizi wetu alianza kukonda mwezi mzima kabla. Alitupanga mstari kwenye karakana akatusomea amri: mfanyakazi yeyote wa viwanja haruhusiwi kuzungumza na mchezaji yeyote kuhusu nyasi, mashimo wala miinuko mpaka kombe litolewe. Alipofika kwenye "mchezaji yeyote" akaniangalia mimi.

"Mama Nyasi, umesikia?"

"Nimesikia. Sina pamba masikioni."

Aliniangalia kwa sababu mchezaji mmoja nilikuwa nakaa naye nyumba moja. Jina lake la shuleni ni lingine, lakini nyumbani na kazini kila mtu humwita Chiriku, kwa kuwa tangu ajue kusema hajanyamaza. Ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake alifariki kabla hajatimiza mwaka, na alipofika miaka minne kaka akapata kazi ng'ambo, mkataba wa miaka miwili. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege nikiwa nimembeba mtoto mgongoni. Miaka miwili ile haijaisha mpaka leo. Kaka ana mke huko na watoto wengine watatu, na mara moja moja hupiga simu kuniuliza kama binti yake anakula vizuri. Namwambia anakula. Ningemwambia nini?

Sikuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo nilikwenda naye kazini, akakulia nyuma ya toroli langu. Sasa, mchezaji akipiga mpira, mara nyingi kirungu hubandua kipande cha nyasi na udongo wake, kikabaki kimeinuka upande mmoja. Mimi naviita vidonda. Ukikiacha kidonda mpaka saa sita mchana, jua limekikausha na hakiponi tena. Kwa hiyo nilimfundisha Chiriku kabla hata hajajua kuhesabu: ukiona kidonda, usikipite. Kanyaga, zungusha kisigino, kanyaga tena. Alifanya hivyo kutwa huku akiimba. Mpaka alipokuwa msichana mkubwa, tukitembea barabarani akaona nyasi zimeinuka ukingoni, mguu wake ulikwenda wenyewe, hata kama mdomo unasimulia habari nyingine kabisa.

Kucheza alianzia kwa kirungu kilichofupishwa na Fundi, yule anayetengeneza mashine zetu za kukatia nyasi. Alipofika miaka kumi alikuwa akiwafunga watoto wa wanachama, na klabu ikaona aibu ikampa uanachama. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita. Mashindano haya yalikuwa ya mwisho kwa umri wake, na yalikuja na jambo jingine: msichana atakayeshinda atachukuliwa na shule moja ya michezo ng'ambo. Atasoma huko, atacheza huko, atalala huko. Kwa muda gani? Miaka miwili.

Nilipoisikia hiyo miaka miwili, nikauona tena ule uwanja wa ndege.

Basi zikaanza siku nne za ajabu nyumbani kwetu. Amri ni amri, na mimi nikishika amri naishika kwa meno. Nilikuwa nikitoka saa kumi alfajiri kwenda kukata mashimo kumi na nane, ninajua kila moja liko wapi na mpira utakufa upande gani, halafu jioni nakaa meza moja na mtoto ambaye kesho atayachezea. Chiriku naye hakuuliza. Tukazungumzia sabuni. Tukazungumzia paka wa jirani, kwamba amezaa, kwamba pengine hajazaa ni unene tu. Siku ya pili jioni alisahau akaanza, "Shangazi, leo pale la sita..." nikaziba masikio nikaimba kwa sauti mpaka akacheka akamwaga chai.

Siku ya tatu jioni hatukucheka. Alikuwa wa pili, nyuma kwa mkwaju mmoja tu, yaani alikuwa amepiga mpira mara moja zaidi, na aliyekuwa mbele yake ni msichana mgeni mwenye kofia nyekundu, mpole, anayepiga mpira kama hana haraka nao. Chiriku alikuwa amekaa kizingitini akisugua viatu vyake kwa mswaki wa zamani, na kwa mara ya kwanza alizungumza kana kwamba ameshashinda. Kule wana nyasi za aina tatu. Kule kuna mwalimu wa kila kirungu. Kule kuna baridi, atahitaji koti. Mimi nilikuwa namkunjia fulana yake ya kesho.

"Shangazi, nikienda utamlisha nani? Utapika chakula cha mtu mmoja?"

Alikuwa anatania. Lakini neno liliniingia mahali pabaya.

"Usiende," nikasema.

Akacheka. Kisha akaona sikucheka.

"Unasemaje?"

"Nimesema usiende. Sitaki uende. Nimeshamsindikiza mmoja kwa miaka miwili."

"Mimi si baba."

"Hata yeye alikuwa anasema yeye si fulani na si fulani. Watu wote wanaoondoka husema hivyo."

Aliweka kiatu chini. "Kwa hiyo unataka nishindwe."

Hapo mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi hasira zangu ziko karibu na mdomo, na akili iko mbali kidogo. Nikamwambia, "Nataka ubaki. Hayo mengine utajua mwenyewe." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole sana. Chiriku hajui kufunga mlango polepole, siku zote huubamiza, na ule upole wake uliniuma kuliko kama angeuvunja.

Asubuhi yake niliondoka kabla hajaamka. Nilikata mashimo yangu yote vizuri, sitaki mtu aje aniambie nilikata ovyo kwa sababu ya roho mbaya. Kisha msimamizi akatugawa. Siku ya mwisho kila mtumishi husimama kwenye shimo moja na reki, kusawazisha mchanga pale mpira unapotua mchangani. Mimi nikapewa la kumi na saba.

Walifika pale saa saba na nusu, Chiriku na Kofia Nyekundu, wanacheza pamoja, kila mmoja ameshika kadi ya mwenzake na kumwandikia mikwaju yake, ndivyo inavyofanywa. Nyuma yao kundi la watu, na mwamuzi mmoja mzee, miwani imening'inia kifuani. Niliambiwa na watazamaji kwamba Chiriku amemkamata na kumpita, yuko mbele kwa mkwaju mmoja. Hakunitazama. Nami nikaangalia mchanga wangu.

Mpira wa Kofia Nyekundu ulikwenda kwenye miti. Mwamuzi akamfuata huko kumsaidia kuutafuta, na watu nao wakafuata, maana watu hupenda kuona kilichopotea kikitafutwa. Mpira wa Chiriku ulikuwa umesimama pembeni ya grini, yaani pembeni ya lile zulia lenye shimo, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye bendera. Alikuwa peke yake pale. Peke yake na mimi, ng'ambo ya mchanga.

Shibiri mbili mbele ya mpira wake palikuwa na kidonda. Kipande cha nyasi kimeinuka, cha mtu aliyecheza kabla yake. Nilikiona, nikaona kwamba mpira utapita pale pale. Chiriku alikuwa anatazama bendera, anapima kwa macho, midomo inacheza, anajisemesha kama kawaida yake. Akasogea mbele kutazama njia ya mpira. Na mguu wake ukaenda.

Kanyaga, zungusha kisigino, kanyaga tena.

Macho yake hayakushuka hata kidogo. Akarudi nyuma ya mpira, akachagua kirungu, akangoja mpira wa mwenzake upatikane huko mitini naye acheze. Zamu yake ilipofika akapiga. Mpira ulipita juu ya kile kidonda kilichopona, ukateleza vizuri kabisa, ukasimama hatua moja kutoka kwenye shimo langu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikashika reki kwa mikono miwili.

Kwa msomaji asiyejua gofu, nieleze kosa liko wapi. Kidonda ukikifunika ukiwa umeshapiga mpira na unaondoka, ni adabu. Lakini ukikisawazisha mbele ya mpira wako kabla hujaupiga, umejitengenezea njia, na adhabu yake ni mikwaju miwili. Chiriku kanuni hiyo anaijua kama jina lake. Mguu wake ndio haukusoma kitabu. Mguu wake niliusomesha mimi, akiwa na miaka minne.

Alitumbukiza mpira wake. Kofia Nyekundu naye hakufanya vibaya. Wakaenda kwenye shimo la mwisho, Chiriku akiwa bado mbele kwa mkwaju mmoja.

Nilirudisha reki karakana. Fundi alikuwa amelala chini ya mashine, miguu tu inaonekana, na redio yake ndogo inakwaruza. Niliieleza miguu hiyo mambo yote niliyoyaona.

"Nani mwingine kaona?" miguu ikauliza.

"Mimi tu."

"Basi hakuna aliyeona." Akajitoa chini ya mashine, uso umejaa grisi. Alimtengenezea mtoto kirungu cha kwanza, na yeye pia ana haki naye. "Mama Nyasi, sikiliza. Kukanyaga majani nako ni wizi? Mtoto hajui hata kama amefanya. Mwache aende zake akaone dunia."

"Mikwaju miwili, Fundi."

"Nani atakufa?"

Nilitoka nikasimama kwenye mlango wa karakana, na pale nikajua kilichokuwa kinanitafuna. Kama ningekuwa nataka aende, ingekuwa rahisi: ningesema ukweli, ungeniuma, na watu wangesema mama yule ni mtu wa haki. Au ningenyamaza kwa kumpenda, nikaungama baadaye. Lakini mimi nilitaka abaki. Ukweli ulikuwa unanipa kile kile nilichokililia jana. Nikisema, nani atajua nimesema kwa ajili gani? Mimi mwenyewe nisingejua. Nilijitafuta moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, nikakuta vitu vyote humo isipokuwa jibu.

Kilichoniondoa pale mlangoni ni jambo dogo. Nilimwaza Chiriku kule ng'ambo, amevaa lile koti lake, anatembea na wenzake pembeni ya njia, anakuta nyasi zimeinuka, na mguu unakwenda. Halafu siku hiyo anakumbuka. Maana atakumbuka tu, kitu kama hicho hukujia ukiwa unapiga mswaki. Na hatakuwa na mtu wa kumwambia. Hilo sikuliweza.

Nikakimbia. Mimi na umri wangu na mabuti ya mpira, nilikata njia ya nyuma ya bustani. Nilisikia makofi ya shimo la mwisho nikiwa njiani, makofi marefu, nikajua ameshinda. Baada ya hapo wachezaji huingia kwenye chumba kidogo chenye meza, wanarudishiana kadi, wanalinganisha, wanatia saini, wanamkabidhi mwamuzi. Ukishatia saini, umeapa. Nilimkuta kwenye kijia kabla ya mlango, kadi ya mwenzake mkononi, jasho puani, anang'aa. Kofia Nyekundu alikuwa ameshatangulia ndani.

"Shangazi! Hamruhusiwi kuzungumza na sisi."

"Najua. Njoo hapa."

"Nimeshinda. Kwa mkwaju mmoja! Umeona ile ya kumi na saba? Umeona ilivyo..."

"Niliiona. Chiriku, nyamaza kidogo mwanangu. Kulikuwa na kidonda mbele ya mpira wako. Ulikikanyaga."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa mguu wangu, pale pale kwenye kijia: kanyaga, zungusha, kanyaga.

Nilimtazama akielewa. Sitaki kumtazama tena mtoto wangu akielewa kitu namna ile.

"Sikufanya hivyo."

"Ulifanya. Hukuangalia chini."

"Hakuna aliyesema. Mwamuzi hajasema."

"Mwamuzi alikuwa mitini."

Kisha akasema taratibu, na sauti haikuwa ya mtoto. "Jana ulisema hutaki niende. Leo unakuja na hili. Unaniuma unanipuliza, Shangazi?"

"Una haki ya kuuliza."

"Basi nijibu!"

"Sijui kujibu. Sitaki uende, hilo ni kweli. Na ulikanyaga, hilo nalo ni kweli. Laiti lingekuwa moja tu."

"Na nikiingia nikatia saini? Utamwambia?"

"Sitamwambia mtu. Nimekwambia wewe. Kadi ni yako."

Aliangalia kiatu chake, kile cha kulia, akakigeuza kuona kisigino. Palikuwa na udongo mbichi. Udongo uko kila mahali uwanjani, haukuthibitisha lolote, lakini aliuangalia.

"Kilikuwa mbele au nyuma ya mpira?"

"Mbele. Shibiri mbili."

"Na mpira ulipita juu yake?"

"Ulipita juu yake."

Akafuta pua kwa mkono wa fulana niliyomkunjia mimi, akaingia ndani.

Nilibaki nje, nikaona dirishani. Sikusikia maneno. Nilimwona akizungumza amesimama, na Kofia Nyekundu akiweka mkono mdomoni, na mwamuzi akivaa miwani yake akaivua. Halafu mwamuzi akatoka.

"Mama, binti anasema wewe uliona."

"Niliona."

"Una uhusiano wowote na mchezaji huyu?"

"Ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea tangu miaka minne."

"Na ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi."

Mzee yule alinishukuru tu akarudi ndani. Mikwaju miwili ikaandikwa. Kutoka wa kwanza kwa mmoja, Chiriku akawa wa pili kwa mmoja.

Kombe lilitolewa saa kumi jioni mbele ya jengo la klabu, viti vyeupe, vipaza sauti vinavyopiga miluzi. Walipotangaza jina la mgeni, Kofia Nyekundu alikwenda akiwa analia, na kabla hajalishika kombe alirudi akamkumbatia Chiriku kwanza. Chiriku alicheka kwenye picha zote. Alipokea kikombe chake kidogo, akainama vizuri kama nilivyomfundisha, akampa mkono kila aliyetakiwa kupewa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa na wenzangu wa viwanja. Hakuelekeza macho upande wetu hata mara moja.

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Mtoto atalala nyumbani leo, na kesho, na keshokutwa. Nikaitafuta furaha yangu na sikuipata hata ya kulamba. Nilichopata ni hasira, tena si kwa Chiriku wala kwa mwamuzi wala kwa kaka yangu. Nilijikasirikia mwenyewe, na mimi nikikasirika siwezi kusimama mahali pamoja.

Ile shule ya ng'ambo ilikuwa imemtuma mwalimu kuja kutazama, na sasa alikuwa kwenye meza ya pembeni, anakusanya karatasi zake. Mama mwembamba, nywele fupi, aliyezaliwa kwetu akaondoka zamani, kwa hiyo lugha ilikuwa moja. Nikamwendea na mabuti yangu.

"Samahani, mwalimu. Mimi ni mtunza viwanja."

"Viwanja ni vizuri sana, mama. Hongera."

"Asante. Nimekuja kwa habari ya yule msichana wa pili."

Akaacha karatasi. "Aliyejitaja mwenyewe. Nimesikia. Lakini, mama, nafasi ni moja, na imeshapata mwenyewe."

"Sijakuuliza ziko ngapi," nikasema. Ndivyo nilivyo. Nikajikaza kisabuni nikaanza upya. "Nisamehe. Yule ni mtoto wangu. Anacheza tangu alipokuwa mfupi kuliko kirungu. Ile mikwaju miwili si yake, ni yangu, mimi ndiye niliyeufundisha ule mguu. Nakuomba umchukue."

"Wewe ndiye uliyemwambia, sivyo?"

"Ndiyo. Na nikwambie na hili, sijamwambia mtu. Jana jioni baada ya kugombana naye nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu mtoto ashindwe. Nikaomba kwa jina lake, asije Mungu akakosea mtoto. Sasa ameshindwa, na mimi siwezi kusimama pale nyuma nikimtazama anavyotabasamu. Sikujua kwamba nikipewa nitaumwa hivi. Nataka aende. Nitalia kila siku, hilo ni juu yangu. Nataka aende."

Mwalimu hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu. Nikageuka. Chiriku alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale na kikombe chake kidogo, mdomo wazi. Nilimwona alivyo mrefu. Sijui alirefuka lini.

"Uliomba nishindwe?" akauliza.

"Niliomba."

"Kwa jina langu kamili?"

"Kamili. Na la baba yako."

Akatoa sauti ambayo mwanzo nilidhani ni kilio, kumbe nusu yake ilikuwa kicheko. "Shangazi, wewe ni mtu mbaya sana," akasema, akaja akasimama karibu nami, bega kwa bega, kama tunavyosimama kwenye foleni.

Mwalimu akakohoa. Alisema hawezi kubadili matokeo, na hata kama angeweza asingeyabadili. Lakini kila mwaka shule hufanya majaribio, mwezi wa tatu, kwa watoto ambao hawakushinda popote. Huwatazama wakicheza siku tatu na kuchukua wachache. Hakuahidi. Akasema mara mbili kwamba hakuahidi. Na kuomba majaribio hayo kuna fomu, na pamoja na fomu barua.

"Barua nitaandika mimi, naandika vizuri," Chiriku akasema haraka.

"Si ya mtoto. Ya mlezi. Aandike kwa mkono wake mwenyewe kwa nini anataka mtoto wake aje kwetu." Mwalimu akanipa karatasi tupu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, akiwa kama anapanga karatasi nyingine, "Yangu mimi, mama hakuniandikia. Niliiga mwandiko wake."

Nikaichukua karatasi. Wenzangu walikuwa wameanza kukusanya viti. Tukakaa kwenye ngazi za nyuma za jengo, mimi na Chiriku, nikaweka karatasi juu ya goti, juu ya daftari langu la mashimo. Sikuwa na kalamu. Akanipa ile penseli fupi ya kuandikia kadi. Mikono yangu ilikuwa na udongo, nikaifuta kwenye sketi na bado nikaacha alama pembeni.

"Andika leo leo," akasema. "Kesho utabadilisha."

"Nani kakwambia?"

"Nakujua."

Niliandika polepole, maana mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa msichana. Chiriku aliinama akasoma juu ya mkono wangu, kitu ambacho nimemkataza tangu zamani.

"Shangazi. Hapo umeandika 'Mimi ni shangazi yake na sitaki aende.'"

"Najua nilichoandika."

"Huwezi kuanza barua hivyo!"

"Hiyo ni sentensi ya kwanza," nikamwambia. "Tulia, nifike ya pili."

Akatulia. Akaweka kidevu chake begani mwangu, nami nikaendelea kuandika.